Barua ya wazi: Msihuishe leseni ya baa kabla mhudumu hajafundishwa kukataa

Kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, kwa wakurugenzi wa halmashauri na maofisa biashara wao, kwa VETA, na kwa Kikosi cha Usalama Barabarani

YAH: MAFUNZO YA LAZIMA KWA WAHUDUMU WA BAA, MAKAUNTA NA WENYE BAA

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mhudumu wa baa. Nimeifanya kazi hii miaka 11, saba nikibeba trei na minne nikiwa kaunta, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa hapa Morogoro, kando ya barabara kuu, mahali ambapo madereva wa malori, mafundi, walimu na vijana wa bodaboda wanakaa meza za jirani. Nawaandikia kwa sababu ya helmeti.

Ilikaa chini ya kaunta yetu wiki sita, nyeusi, ina ufa upande mmoja uliozibwa kwa gundi. Mwenyewe alikuwa fundi umeme, mteja wetu wa siku nyingi, mtu mpole asiyewahi kugombania chenji. Ijumaa hiyo ilikuwa mwisho wa mwezi. Alifika saa 11 jioni, akaegesha pikipiki mbele ya mlango, akaagiza. Alikunywa bia nne za pesa yake. Kisha meza ya pembeni wakasema, "Dada, mpe fundi mbili." Baadaye wakasema mbili nyingine. Nilizifungua mbili mbili, zikasimama mbele yake zimefunguliwa, kwa sababu kila anayefanya kazi hii anajua kwamba ofa ikishafunguliwa haiwezi kurudi kwenye friji, na isiporudi imeshauzwa.

Saa 4 usiku alianza kunisimulia habari za mita ya umeme ya mama mmoja wa Kihonda. Alinisimulia mara tatu, kila mara kama ndiyo kwanza anaanza. Alinipa noti ya elfu kumi, nikamrudishia chenji, akaihesabu, akaihesabu tena, kisha akaiacha mezani. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu. Akaomba moja ya kufungia, nami nikampa. Alipoondoka aliisahau helmeti kwenye kiti. Hakufika mbali: aliligonga kwa nyuma lori lililokuwa limeegeshwa pembeni ya barabara, akafia njiani akipelekwa hospitali.

Mdogo wake ndiye aliyekuja kuichukua helmeti. Aliniuliza kaka yake alikunywa ngapi. Nikamwambia ukweli: tisa. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kumbe mlikuwa mnazihesabu?"

Ndiyo, tulikuwa tunazihesabu. Baa yoyote inahesabu. Chupa tupu tunaziacha mezani makusudi ili bili ikija pasiwe na ubishi. Kaunta ninaandika kwenye daftari kila chupa inayotoka, ya meza gani na kwa mhudumu yupi. Hakuna mtu mjini anayejua kwa uhakika kama sisi kwamba fulani amekunywa tisa kwa saa tano. Lakini tunajua kwa ajili ya pesa tu. Hakuna aliyewahi kutufundisha kuisoma hesabu ileile kwa ajili ya uhai wa aliyekaa pale.

Naomba niwaeleze nilifundishwa nini siku niliyoajiriwa. Nilifundishwa bei. Nilifundishwa kuuliza "ya moto au ya baridi?" Nilifundishwa kufungua chupa mbele ya mteja, kumimina bila povu kumwagika, kutabasamu, na kukabidhi hesabu kaunta kabla ya kwenda nyumbani. Ilichukua chini ya nusu saa. Kila baada ya miezi sita napima afya, na bwana afya akija anaomba cheti, anaangalia na kucha zangu. Hilo nalikubali kwa moyo wote, maana mhudumu anaweza kumwambukiza mteja homa ya matumbo. Ila kile kilichomo ndani ya chupa ninayoipeleka mezani, hakuna ofisa hata mmoja aliyewahi kuniuliza nakijua kiasi gani.

Nilichokijua nimekijua baadaye, kwa kusoma mwenyewe na kwa kumsumbua muuguzi mmoja ambaye ni jirani yangu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi halisi. Ini la mtu mzima linaondoa kama gramu 8 hadi 10 kwa saa, wengine pungufu ya hapo. Maana yake bia moja kubwa inahitaji saa mbili mwilini. Fundi alikunywa tisa kwa saa tano, yaani gramu kama 180, na mwili wake ulikuwa umemudu kuondoa hamsini hivi. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne, na ningeifanya usiku ule pale pale kaunta kwa kalamu ileile ya bili kama ningekuwa naijua.

Kile kibapa cha mililita 200 chenye kilevi asilimia 35, ambacho vijana wanakimimina kwenye soda wakasema "nakunywa kidogo tu", ni sawa na kunywa bia karibu tatu. Wahudumu wenzangu wengi wanadhani anayekunywa kibapa kimoja amekunywa kimoja. Wanadhani supu ya saa 10 alfajiri inatoa pombe mwilini. Wanadhani kahawa inatoa, maji baridi ya kichwani yanatoa, kucheza muziki kunatoa. Haitoi kitu ila muda. Chakula cha tumboni kabla ya kunywa kinachelewesha pombe kuingia kwenye damu, nacho ni msaada mkubwa, lakini kilichokwisha kuingia hakifukuzwi na mchemsho.

Liko jambo moja ambalo lingeokoa watu hata kama hamtafanya lingine lolote mwaka huu. Mteja akizima, desturi yetu ni kumburuta hadi stoo au kwenye benchi la nyuma, kumlaza chali, na kumwacha "apumzike". Akitapika amelala chali, matapishi yanamrudia kwenye njia ya hewa. Mtu wa namna hiyo alazwe ubavu, goti la juu likunjwe, uso uelekezwe chini kidogo, na abaki mtu wa kumwangalia akihesabu pumzi. Akiwa haamki ukimfinya, au pumzi zinakuja kwa kuachana sana, au midomo imebadilika rangi, anapelekwa hospitali. Mimi nilikaa miaka mitano kwenye kazi hii bila kujua hili. Nimewalaza watu chali kwa mikono yangu mwenyewe, na nikikumbuka bado natetemeka.

Sasa niseme kuhusu kukataa, maana hapo ndipo penye kazi.

Mtu aliyelewa hakataliwi kwa kuambiwa "umelewa". Ukimwambia hivyo mbele ya wenzake umempa sababu ya kuagiza tatu nyingine na kukutukana juu. Nimejifunza kwa makofi na kwa kumwagiwa bia. Kwanza unaanza mapema, kabla hajafika pale pa kukataliwa. Unapeleka maji bila kuagizwa na unayaweka karibu na mkono anaoutumia. Unauliza kama jikoni wamletee mishkaki. Hufungui ya pili kabla ya kwanza haijaisha, na ofa zikija nyingi unamwambia anayetoa, "Bosi, nimeziandika, zipo kaunta kwa jina lake, atazikuta hata kesho." Wakisema "zungusha", unaangalia kwanza nani glasi yake bado imejaa. Ukiona sasa inatosha, unainama, unasema kwa sauti ya chini, "Kaka yangu, leo tuishie hapa, kesho nipo." Au unamwendea aliyekuja naye, aliye afadhali: "Shemeji, nisaidie, tumpeleke nyumbani." Na kabla ya yote hayo unawaambia wahudumu wenzako na kaunta, ili asihamie meza nyingine akapewa na dada asiyejua.

Haya yanafundishika, tena hayahitaji maabara wala vitabu vizito. Yanahitaji siku mbili, mwalimu anayeijua baa, na wahudumu kuigiza wenyewe: mmoja awe mteja mbishi, mwingine awe dada mwenye trei, hadi maneno yazoee kinywani. Nimewafundisha hivyo wasichana watatu waliokuja kazini baada yangu, usiku wa Jumanne tusipokuwa na wateja. Mmoja wao aliwahi kumshawishi dereva wa lori akabidhi ufunguo kaunta na kulala kwenye gari lake hadi asubuhi. Aliponiletea ule ufunguo mikono yake ilikuwa inatetemeka, lakini alikuwa anacheka.

Waheshimiwa, mafunzo peke yake hayatoshi, na nisingependa mtoe cheti cha kubandika ukutani mkadhani mmemaliza. Watafiti waliolichunguza jambo hili nje wamesema mara nyingi kwamba mafunzo yasiyo na mwenye baa nyuma yake, wala ukaguzi, hayabadilishi mengi. Mimi siihitaji tafiti kuliamini hilo, maana najua mshahara wangu ulivyo. Wengi wetu tunalipwa kidogo na kujaziliziwa kamisheni kwa kreti. Mteja akikimbia bili, tunakatwa sisi. Hiyo tunaiita shoti. Sasa mhudumu huyu anayelipwa kwa idadi ya chupa, na ambaye mteja akiudhika na kuondoka bila kulipa atakatwa yeye, ndiye mnayetaka amwambie mteja "basi". Atasemaje? Akisema, meneja atamuuliza kwa nini meza namba sita hainywi, na kesho yake trei yake amepewa mwingine. Kwa hiyo mwenye baa na meneja wakae darasa lilelile, siku ileile. Na shoti inayotokana na mteja aliyekataliwa pombe kwa sababu amelewa isikatwe kwa mhudumu. Liandikwe kwenye masharti ya leseni, si kwenye hotuba.

Wapo waliotutangulia. Jimbo la Oregon nchini Marekani liliweka sheria katika miaka ya 1980 kwamba kila anayehudumia pombe, pamoja na wenye baa na mameneja, lazima apitie mafunzo. Watafiti walipofuatilia ajali za usiku za gari moja peke yake, zile ambazo kwa kawaida pombe imo ndani yake, waliona zimepungua kwa asilimia 23 baada ya miaka mitatu. Uskoti inataka mfanyakazi apate mafunzo ya angalau saa mbili kabla hajahudumia pombe, na kumbukumbu za mafunzo zitunzwe pale pale baa. California nayo imeweka sharti la cheti kwa wahudumu kuanzia mwaka 2022. Sisemi tuige kila kitu. Baa zao na zetu si sawa, kwetu wateja wanakaa nje chini ya mwembe na nusu yao wamekuja na pikipiki. Nasema tu kwamba jambo hili limekwisha kufanywa kwingine na baa hazikufungwa.

Sisi tuna Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Mwaka ule bodaboda hazikuwepo. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayompa dereva kikomo cha miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu. Trafiki anamsubiri dereva barabarani na kipimo, nami namshukuru kwa kazi hiyo, lakini anampata akiwa ameshawasha gari. Mimi nilikuwa naye saa tano nzima kabla ya hapo. Kama mnatafuta mahali pa kuizuia ajali, mahali penyewe ni kwenye kaunta yangu.

Na najua Serikali ikiamua inaweza. Tarehe 1 Machi 2017 viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku. Watu walisema haiwezekani, vimezoeleka, vitauzwa tu kwa siri. Leo mtoto wa shule hakuti kiroba kinaning'inia kwenye kioski kama peremende. Ninachokiomba mimi ni kidogo kuliko kile, na hakimnyang'anyi mtu bidhaa.

Leseni ya vileo inapohuishwa, ofisa biashara anaomba karatasi za kodi na karatasi za afya. Aongeze swali moja: wahudumu wako wangapi, na wangapi wamefundishwa? Kwa kuanzia hata wawili kwa kila zamu wangetosha, mmoja akiwa kaunta. VETA wana vyuo karibu kila mkoa na wanafundisha upishi na huduma za hoteli. Kozi fupi ya siku mbili si mlima kwao. Gharama ailipe mwenye baa, asiruhusiwe kuikata kwenye mshahara wa mhudumu, maana mkiliacha hilo wazi nawaahidi tutakatwa sisi. Na cheti kiwe cha mtu, kimfuate akihama baa. Kazi yetu ni ya kuhamahama. Leo nipo Msamvu, mwakani naweza kuwa Makambako.

Kwenye mafunzo hayo msisahau umri. Mtoto wa miaka 16 akivaa vizuri na kuja na watu wazima, mhudumu anaona aibu kumuuliza. Vijana wengi wana namba ya NIDA na hawana kadi mkononi, kwa hiyo mtuambie wazi tukubali nini na tukatae nini, msituachie sisi tubishane nao. Msisahau pia wateja wa kike ambao kinywaji chao kinaongezwa kitu wakiwa wameenda msalani. Mhudumu aliyefundishwa anakifunika kile kinywaji, au anakimwaga na kuleta kingine. Na mtufundishe kuikagua pombe yenyewe, stempu ya TRA na kizibo, kabla hatujaipeleka mezani. Majirani zetu Kenya walizika zaidi ya watu 100 Nairobi mwezi Novemba 2000 kwa pombe yenye methanoli, kilevi cha viwandani ambacho ni sumu, na yapo matukio mengine ya namna hiyo tangu hapo. Methanoli haionekani kwa macho wala kwa harufu. Mtu anakwenda nyumbani salama, kesho yake anasema haoni vizuri. Mhudumu akilijua hilo, atamwambia akimbilie hospitali badala ya kumwambia ni hangova.

Wenye baa watawaambia biashara itakufa. Mimi nakaa na daftari lao, naomba mniamini kwa hili. Mteja anayekunywa nne kila Ijumaa kwa miaka kumi analipa zaidi kuliko anayekunywa tisa mara moja. Fundi wetu alikuwa na kiti chake. Hakuna aliyekikalia kwa muda mrefu, na meza yake ilikuwa inaingiza pesa kila wiki bila fujo. Mlevi kupindukia anavunja glasi, anafukuza meza ya familia iliyokuja kula kuku, analeta polisi. Wenye baa wenye akili wanajua haya, wanaogopa tu kuwa wa kwanza kukataa wakati baa ya ng'ambo ya barabara inaendelea kuuza. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi. Sharti likiwa la wote, hakuna atakayempoteza mteja kwa jirani.

Wengine watasema kazi yenyewe ni ya wasichana waliokosa shule, watafundishika wapi. Hapo nitaomba heshima kidogo. Msichana huyo anashika kichwani oda za meza nane, anajua nani anakunywa ya moto na nani ya baridi, anatenganisha bili ya watu sita waliochanganya vinywaji, na anafunga hesabu saa 6 usiku bila kikokotoo. Kinachomshinda si akili. Anashindwa kwa sababu akisema hapana yuko peke yake, trei mkononi, mbele ya mwanaume mwenye hasira na meneja anayeangalia pembeni. Siku atakapoweza kusema, "Samahani mzee, ni sharti la leseni, nikikupa baa inafungwa," atakuwa na kitu cha kumkinga. Mteja atakasirikia sharti, hatamkasirikia yeye.

Ombi langu la mwisho ni la ratiba. Mkiandaa mafunzo, yasiwe Ijumaa wala Jumamosi, na yasianze saa 2 asubuhi, maana tunatoka kazini usiku mkubwa na wengi wetu tunatembea kwa miguu hadi nyumbani. Jumatatu au Jumanne saa 5 asubuhi inatufaa. Wapo wenye watoto wachanga, muwaruhusu waje nao. Kwa hapa kwetu nimeshapita baa saba za jirani kuuliza, na wahudumu 23 wameniandikia majina yao. Orodha ninayo, ipo kwenye daftari la kaunta.

Wenu mtiifu,

Mhudumu wa baa, Morogoro